Ullersett Haolewi na Ullersett

Ullersett, Skardale, Yorkshire
12 Februari 1984

Shangazi Hester mpendwa,

Ninadai, na nitalitetea dai hili mbele ya yeyote atakayesimama kunipinga, kwamba jina Ullersett lilizaliwa mara moja tu, katika shamba moja tu, hili ninamokuandikia. Na kwamba wengi wa wanaolibeba leo hawana hata tone la damu ya mtu aliyelianzisha. Nimelitanguliza dai kabla ya salamu kwa makusudi, usije ukadhani nimekuandikia kukujulisha hali ya hewa.

Sasa pokea salamu. Baba anakusalimu, au naamini anakusalimu: tangu alipopatwa na kiharusi mwezi wa Novemba maneno yake hutoka nusu nusu, na hiyo nusu inayotoka aghalabu ni matusi kwa mbwa. Mama ni mzima. Theluji imeifunga njia ya juu, kondoo tumewashusha hadi karibu na nyumba, na mimi, mwenye shahada ya historia kutoka Durham, nabeba majani makavu mgongoni kutwa nzima kama punda asiye na shahada.

Hata hivyo akili haijalala. Niliazima vitabu vya simu vya nchi nzima, nikamchomekea kila Ullersett pini yake kwenye ramani niliyoitundika ukutani. London wapo wawili. Wales yumo mmoja, naye ni mchungaji. Scotland hakuna. Waliobaki wote wamejikusanya mahali pawili: hapa Skardale, nyumba saba, na huko uliko, Haddenshaw, ng'ambo ya milima, nyumba zinazokaribia arobaini, zimebanana katika mitaa ya viwanda vya pamba kama vifaranga chini ya taa.

Mwenyekiti na mwanzilishi wa Chama cha Ullersett, Bwana Clifford, naye ni wa huko huko Haddenshaw, ametusimulia miaka yote hii kwamba hao arobaini ni uzao wa kaka mdogo aliyevuka mlima kufuata kazi. Ni hadithi tamu, nami nasema ni uongo. Wakati wa vita vya Napoleon, babu yetu wa enzi hizo alichukua wavulana mayatima kutoka nyumba ya maskini ya mjini, akawafanyisha kazi humu bila ujira mpaka wakawa watu wazima. Mtu akiuliza huyu ni wa nani, alijibiwa kuwa ni wa Ullersett, kama unavyosema ng'ombe ni wa fulani. Viwanda vilipofunguliwa waliondoka na jina letu, kama mtumishi anavyoondoka na koti kuukuu la bwana wake. Ushahidi ni huu. Kwetu mzaliwa wa kwanza wa kiume huitwa Lambert au Anthony, kwa zamu, bila kukosa. Kwao hakuna hata mmoja. Kwetu kuna alama ya kondoo, mstari mwekundu kwenye bega la kushoto, na kila kaka mdogo aliyewahi kuondoka hapa alipewa haki ya kuitumia. Kwao hakuna aliyewahi kuisikia.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba, chama kitakapokutana hapa kijijini, nitausoma utafiti huu ukumbini. Nitapendekeza pia kwamba ombi la Bwana Clifford la kuzikwa katika makaburi ya familia likataliwe. Wewe ni Ullersett wa damu, na umeishi katikati yao karibu maisha yako yote. Nakuomba uniunge mkono kwa maandishi.

Mwana wa kaka yako,
Lambert


Haddenshaw, Lancashire
13 Machi 1984

Lambert mwanangu,

Salamu kwanza, kwa kuwa mama yako alikufundisha hivyo, hata kama Durham walikufundisha vinginevyo. Goti langu la kulia limegoma pamoja na wachimba makaa ya mawe, nalo halijasema linataka nini. Theluji yetu imekwisha kuwa tope. Jirani yangu Bi. Ogden amefiwa na kasuku wake, na mtaa mzima unajifanya kuhuzunika.

Barua yako ilinikuta nikiwa kwa Clifford, ambaye nyumba yake iko mlango wa pili kutoka kwangu. Miaka ya mashine za kufuma imemjaza vumbi la pamba kifuani, na sasa anapumua kwa msaada wa mtungi wa hewa uliosimama kando ya kiti chake. Aliijua bahasha kwa mwandiko.

"Kijana anasemaje?"

"Anasema theluji haijaisha huko."

"Na kaburi langu je?"

"Anasema ardhi imeganda."

"Mwambie sina haraka. Naweza kuganda mimi pia huku nangoja."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na ikabidi nimshike mabega mpaka midomo yake iliporudiwa na rangi. Sikumsomea barua yako. Wala si kwa sababu naamini umekosea. Hilo tuliweke kando kwanza. Na jambo moja nikusifu: katika ukoo wetu mzima hajawahi kutokea mtu aliyekisoma kitabu cha simu mpaka ukurasa wa mwisho.

Lakini niambie kinachokuuma. Mtu huyu anataka futi sita za ardhi yenye mawe ambayo hata kondoo wenu hawaipendi. Ndiye aliyewakusanya. Alikuwa akipanda basi kila likizo, akigonga milango ya watu wasiomjua, akiwaambia, "Samahani, jina lako na langu ni moja." Mara ya kwanza alipokuja kwenu baada ya vita, ukuta wa makaburi ulikuwa umebomoka kwa baridi. Alivua koti akaujenga upya mwenyewe, jiwe kwa jiwe, Jumapili tatu mfululizo. Baba yako alimpelekea chai nje. Ndani hakumkaribisha.

Mkate wa tangawizi nimeufunga kwenye kifurushi. Mpe baba yako kipande kilicholainishwa kwa maziwa.

Shangazi yako,
Hester


Ullersett
21 Machi 1984

Shangazi mpendwa,

Natumaini goti limerudi kazini. Hapa wana-kondoo wameanza kuzaliwa, nami nimenuka damu na maziwa kwa wiki nzima. Baba aliupenda mkate. Alikula vipande viwili na cha tatu akamtupia mbwa, jambo ambalo kwa hali yake ya sasa ni upendo mkubwa.

Nimesoma hoja yako kwa makini, nikaona si hoja. Mtu aliyebeba mawe ya ukuta hageuki kuwa ukuta. Kama bidii ingetosha kumwingiza mtu katika ukoo, basi punda wetu wa zamani angezikwa katikati ya makaburi yale na jiwe refu kuliko la Babu. Unauliza kinachoniuma. Shangazi, mashamba yamepungua, bei ya manyoya imekufa, vijana wanakwenda Leeds kuuza bima. Kitu kimoja tu tulicho nacho ambacho hakuna awezaye kukinunua ni kule kujua sisi ni nani. Nikikubali kwamba yeyote aliyewahi kuitwa kwa jina hili ni mwenye jina, basi jina halina maana, na mimi nabeba majani makavu kwa ajili ya neno tupu.

Sheria ya makaburi unaijua, maana imechongwa juu ya lango tangu babu zetu walipolikataa kanisa la kijiji wakajizikia wenyewe: huingia mwenye damu ya Ullersett, na yule aliyefunga ndoa na mwenye damu hiyo. Hakuna kundi la tatu. Kwa kuwa Baba hawezi tena, ufunguo ninao mimi, na jibu langu kwa Bwana Clifford ni hapana. Tafadhali umfikishie.

Habari imeshaenea bondeni. Kwenye mnada wa kondoo Mzee Matty Raw alinisimamisha mbele ya watu.

"Nasikia unawafukuza wale wa pamba."

"Siwafukuzi, mzee. Nawaainisha."

"Ahaa. Na mimi mbwa wangu namwainisha kila asubuhi. Kwa teke."

Watu wakacheka sana, nami nikacheka nao, kwa sababu sioni aibu kuchekwa na mtu ambaye ameoa mabinamu wawili kwa zamu.

Wala usifikiri jambo hili nimelizua mimi. Nimelithibitisha tu. Babu mwenyewe alilijua siku zote. Aliwaita wale wa Haddenshaw "watu wa uji", kwa ajili ya uji waliolishwa kwenye nyumba ya maskini.

Wako,
Lambert


Haddenshaw
15 Aprili 1984

Lambert,

Salamu kwenu nyote. Wiki ijayo ni Pasaka. Clifford hawezi tena kupanda ngazi, tumemshushia kitanda chini, karibu na dirisha, apate kuwaona watu wakipita na kuwasema. Jibu lako sijamfikishia.

Nina swali moja, wala sihitaji hoja. Umeandika kwamba babu yako alijua siku zote kuwa watu wa Haddenshaw si damu yetu. Siku zote ni neno pana. Alijua tangu lini? Nani amekuambia, naye aliambiwa lini? Nijibu kwa uangalifu wote unaojivunia.

Hester


Ullersett
24 Aprili 1984

Shangazi mpendwa,

Heri ya Pasaka. Sasa ndiyo unauliza swali la mtafiti, na nimefurahi mno kulijibu.

Aliyeniambia ni Baba, zamani, kwa mzaha, kabla ya kiharusi. Lakini kwa kuwa umetaka uangalifu, nilikaa naye tena Jumapili ya Pasaka, nikamwuliza polepole, mama akiwa shahidi.

"Baba, ni lini Babu alikwambia juu ya watu wa uji?"

"Farasi," akasema. "Farasi alizama."

"Mwaka aliozama farasi kwenye kinamasi?"

"Ee. Thelathini na sita."

"Alikwambia nini?"

Hapo ulimi wake ulinyooka kuliko nilivyousikia tangu Novemba. Alisema Babu alimpandisha kwenye dari ya ghala la zamani, akamwonyesha mbao walizolalia wale wavulana. Kila mmoja alikuwa amechonga jina lake kwa kisu, jina moja moja tu, kwa kuwa la pili hawakuwa nalo: Jem, Davy, Tobias. Babu akasema, "Hao ndio akina Ullersett wa Haddenshaw. Damu yetu hawana, kama asivyokuwa nayo kondoo wa kununua mnadani." Baba alicheka aliposimulia, akacheka mpaka mama akamfuta kinywa.

Kesho yake nilipanda darini mwenyewe. Mbao zipo, na majina yapo. Nimeyachukua kwa karatasi na mkaa, nitayaonyesha ukumbini.

Kwa uaminifu naongeza jambo moja ambalo sikulielewa. Nilipoinuka, Baba alinishika mkono akasema, "Hester asiambiwe." Akalirudia. Nadhani ni maradhi. Siku hizi akili yake huchanganya watu na nyakati. Lakini uliniomba kila kitu, nami nimekupa kila kitu.

Sasa bila shaka utaniunga mkono.

Lambert


Ullersett
30 Juni 1984

Shangazi,

Natumai u mzima. Zaidi ya miezi miwili imepita bila neno kutoka kwako. Majani ya kwanza tumekwisha kuyakata, mvua ikatuharibia nusu yake. Kondoo wananyolewa wiki ijayo. Baba amezidi kudhoofika.

Niliamini kwamba wewe, uliyefundisha watoto miaka thelathini na zaidi, ungeheshimu ushahidi ulioutaka mwenyewe. Kimya si hoja. Kama unanipinga, nipinge. Kama unakubali, saini.

Lambert


Haddenshaw
15 Julai 1984

Lambert,

Mpe mama yako salamu zangu. Baba yako simsalimu, na ukimaliza kusoma utaelewa.

Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na la kumwambia mtu yeyote wa nyumba ile. Sasa ninalo.

Mwaka 1937, wakati kama huu wa kunyoa kondoo, kijana mmoja alivuka mlima kwa baiskeli kutoka Haddenshaw. Alikuwa amesikia kwamba kuna shamba linaloitwa kwa jina lake, akataka kuliona. Mimi nilikuwa uani, mikono imejaa mafuta ya manyoya hadi viwikoni, nikikunja manyoya ya kondoo na kuyafunga. Akaniambia, "Samahani, jina lako na langu ni moja." Nikamwambia, "Basi shika upande ule ukunje." Akakunja vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Aliendelea kuja kila Jumapili kwa mwaka mzima, mlima ule, kwa baiskeli ile, jua na mvua.

Agosti ya 1938 alikuja amevaa tai, akaniposa. Tulikuwa jikoni. Baba yangu, yaani babu yako, hakuvua kofia. Alisema, "Ullersett haolewi na Ullersett." Unajua sheria hiyo ilikotoka. Binamu wawili wa ukoo wetu walioana zamani, wakazaa watoto watatu wasiosikia wala kusema, na tangu hapo ikawa mwiko katika nyumba yetu. Babu yako alisema damu ya Haddenshaw na damu ya Skardale ni damu moja, kwamba Clifford ni kama kaka yangu, na kwamba anayetaka kuzaa mabubu asizalie kwake.

Clifford alisema, "Kama ni damu, mzee, siwezi kubishana na damu." Akamshukuru kwa chai. Alipanda baiskeli yake akiwa bado na tai.

Kaka yangu Anthony, baba yako, alikuwa amekaa kando ya jiko akichonga fimbo ya kuchungia. Hakuinua macho. Mimi nilidhani anaona aibu kwa ajili yangu. Wewe ndiye uliyenijulisha kwamba alikuwa anajua tangu miaka miwili nyuma, na kwamba yule aliyesimama na kofia yake kichwani ndiye aliyemjulisha. Wote wawili walijua kwamba mtu huyu si ndugu yangu zaidi ya muuza maziwa. Walikuwa na aibu ya kusema tu kwamba hawamtaki mfumaji.

Mwaka uliofuata nilikuja kufundisha hapa. Mwaka 1941 Clifford alimwoa Dorothy, mwanamke mwema. Watoto wao watatu nimewafundisha kusoma mimi. Dorothy alifariki, watoto wakaenda Australia. Kwa miaka yote hiyo hakuna neno lililopita kati yetu lisiloweza kusemwa dirisha likiwa wazi.

Utafiti wako siupingi. Naamini kila neno lake. Nakuomba kitu kimoja, nami sijakuomba kitu tangu ulipozaliwa: mfungulie lango atakapokufa, wala usimweleze mtu sababu. Daktari anasema hatafika majira ya baridi.

Hester


Ullersett
4 Agosti 1984

Shangazi,

Nakupa pole kwa hali ya Bwana Clifford. Mama amelia alipoisoma barua yako, na amesema nikuambie hivyo. Kondoo wamenyolewa bila ajali.

Nimeifikiria barua hiyo kwa siku nyingi, na sitaki udhani nimeichukua kwa wepesi. Babu alisema uongo, tena uongo wa kikatili. Lakini tuwe makini. Aliyesema uongo ni yeye. Mimi nasema kweli. Siwezi kutakiwa niiache kweli yangu ili kufidia uongo wake. Bwana Clifford hakuwa damu yetu mwaka 1938, na hajawa damu yetu mwaka 1984. Ukweli uliokuumiza ndio huo huo unaomzuia. Ukinitaka nimfungulie lango kama Ullersett, unanitaka niurudie uongo wa Babu neno kwa neno, nami najiuliza kama umeliona hilo.

Nasikitika kwamba ukweli umekufikia ukiwa umechelewa. Hata hivyo kuchelewa hakupunguzi thamani yake. Kwa mtazamo wa utafiti kisa chako ni ushahidi adimu, kwa kuwa kinaonyesha ukoo ulivyotumia nadharia mbili za asili yake kwa wakati mmoja, kila moja kwa haja yake. Nimekiweka katika kiambatisho, bila kutaja jina lako. Kama ungependa kutajwa, niarifu kabla ya tarehe ishirini, kabla utafiti haujapelekwa kuchapwa.

Baba nimemsomea barua yako yote. Alisikiliza hadi mwisho akasema, "Mbwa." Sijui alimkusudia nani.

Lango nimeliwekea kufuli jipya.

Lambert


Haddenshaw
28 Agosti 1984

Lambert,

Salamu kwa mama yako, na shukrani kwa machozi yake. Goti langu linauma, kasuku mpya wa Bi. Ogden anatukana, na Clifford alifariki juzi, Jumapili, wakati wa chai ya jioni, kichwa chake kikiwa mkononi mwangu.

Tarehe kumi na saba msajili wa ndoa alikuja kitandani kwake kwa kibali maalumu, kwa kuwa daktari alisema siku zimebaki chache. Bi. Ogden na mwanawe ndio mashahidi. Nilipomwambia Clifford ninachotaka kufanya, aliniuliza:

"Na damu je, Hester?"

"Una miaka sabini na mbili, Clifford, mimi sitini na minane. Huyo mtoto bubu atatoka wapi?"

Alicheka hata tukalazimika kufungua mtungi wa hewa mpaka mwisho. Msajili aliniuliza jina langu la ukoo kabla ya ndoa, nikamwambia Ullersett. Akauliza litakuwa nani baada ya ndoa, nikamwambia Ullersett. Akasema, "Basi mama, umejiokolea usumbufu." Nikamwambia asingeamini ni usumbufu kiasi gani.

Clifford hakuambiwa kitu. Sikumwonyesha barua yako hata moja, wala sikumwambia nilichojifunza kwako. Alikufa akiamini mambo mawili: kwamba yeye ni Ullersett, na kwamba damu ndiyo iliyotutenga. Ukweli wako ungemnyang'anya la kwanza, kisha ungemwonyesha kwamba la pili alilivumilia bure. Nilimwachia yote mawili akaondoka nayo. Mimi nimebaki na huo ukweli, na nimeuona ulivyo: ni mzima, umenyooka, na unatumika vizuri ukishikwa na mtu mwingine.

Sasa usome vizuri, kwa kuwa unapenda kusoma. Wewe umethibitisha kwamba mimi ni damu ya Ullersett na Clifford siye. Sawa. Kwa hiyo hakuna mwiko uliovunjwa, na ndoa yangu ni halali kwa sheria ya nchi na kwa sheria ya nyumba yetu. Na aliyefunga ndoa na mwenye damu anaingia. Maneno hayo hukuyachonga wewe, wala huwezi kuyafuta kabla ya Jumamosi.

Watu wa Haddenshaw wamekodi mabasi matatu kwa ajili ya mkutano. Gari lenye jeneza litatangulia mbele yao. Tutafika langoni saa nne asubuhi, kabla hujafungua karatasi zako ukumbini, na watu wa bondeni nimewaandikia waje, hata Matty Raw. Mlete baba yako kwenye kiti chake cha magurudumu umweke mahali atakapoonekana. Njoo na ufunguo.

Nitakuuliza kwa sauti, mbele ya pande zote mbili za mlima: huyu anaingia kwa haki gani? Ukisema anaingia kwa damu, karatasi zako utazichana palepale, tuzione zikichanwa. Ukisema anaingia kwa ndoa, utawaeleza kwa nini ndoa hiyo imefungwa mwezi huu na si miaka arobaini na sita iliyopita. Nani alisema nini jikoni na kofia kichwani, na nani alikaa kando ya jiko akichonga fimbo huku anajua. Utataja majina. Langu litaje la kwanza.

Na ukisema haingii, tutalishusha jeneza katikati ya barabara yako, nami nitakaa juu ya kiti kando yake, mkutano wako utapita ukituzunguka, na swali nitaendelea kukuuliza.

Usiniandikie. Barua yako nyingine sitaifungua. Jibu lako nalitaka Jumamosi, langoni, kwa mdomo wako, watu wote wakisikia.

Hester Ullersett,
mjane wa Clifford Ullersett